Mistari Minne ya Kaburi la Kleino

*Kosi, mwezi wa kufunguka bahari, siku ya nne*

Nikagora, muuza mvinyo wa Kosi, kwa Telesipo, mshairi wa Athene: salamu.

Hunijui. Mimi nakujua kwa jiwe lililo kando ya barabara yetu ya bandarini, la nahodha mmoja wa Rodo, ambalo chini yake limechongwa jina lako kuwa mtunzi. Kila nikipita nalisoma, na wengine pia nawaona wakisimama. Nataka jiwe la namna hiyo.

Binti yangu Kleino amefariki. Alikuwa na miaka ishirini. Mwaka jana, mwisho wa kiangazi, nilimtuma Mileto kwa dada yangu akachukue vitambaa vya harusi, maana alikuwa ameposwa na Filisko, kijana wa jirani zetu. Wakati wa kurudi chombo kilipigwa na dhoruba. Hakuna aliyepona na hakuna kilichookotwa. Kwa hiyo kaburi litakuwa tupu, ila jiwe la marumaru nimekwisha kulinunua, na mchongaji anasubiri.

Nataka mistari minne. Sema kwamba alikuwa mtiifu, mpole, fundi wa kusokota sufu, na kwamba wazazi wake wanamlilia. Washairi tunao hapa Kosi, tena wa kutosha, lakini wanatujua mno. Nakuletea mitungi sita ya mvinyo kwa nahodha huyuhuyu anayekuletea barua. Mistari ikifika utapata mingine sita.

Kaa salama.

Nikagora

&nbsp;

*Athene, mwezi huohuo, siku ya ishirini na mbili*

Telesipo kwa Nikagora: salamu, na pole kwa msiba.

Mvinyo umefika. Mtungi mmoja ulikuwa nusu. Nahodha anasema ulipata ufa. Mimi nadhani ufa huo uko mdomoni mwake.

Kazi yako nimeikubali, lakini nisikufiche namna ninavyofanya kazi. Nimewaandikia wafu zaidi ya mia tatu: mabaharia, watoto, mpishi mmoja, mbwa wawili wa uwindaji. Hakuna hata mmoja niliyemwona uso, na sijawahi kumlilia yeyote. Ndiyo maana mistari yangu husimama wima. Katika hao, wasichana watiifu, wapole, mafundi wa sufu, wamefika hamsini. Wakifufuka leo wakapanga foleni, mimi mwenyewe sitaweza kumtofautisha mmoja na mwenzake. Ukitaka huyo wa hamsini na moja, nitamtengeneza kabla dengu zangu hazijaiva jikoni. Lakini umesema unataka watu wasimame.

Basi niambie. Alikuwa akisema nini kila mara, hadi mkachoka kusikia? Alikuwa akikosana na nani? Mikono yake, ikikosa kazi, ilifanya nini? Tena chombo kiliitwaje, na nani mwingine alikuwamo? Binti wa watu hasafiri peke yake.

Usikasirike. Namuuliza kila mtu hivi.

Telesipo

&nbsp;

*Kosi, mwezi wa kuvuna shayiri, siku ya kumi*

Nikagora kwa Telesipo: salamu.

Sikukuagiza unihoji. Chombo kilikuwa kidogo, cha watu wa Mileto, jina lake sikulishika. Alisindikizwa na mjakazi wetu, mama mmoja wa Shamu anayeitwa Sira, ambaye ndiye aliyemlea. Huyo hahitaji mistari.

Umeuliza mikono. Mikono yake ilikuwa na unga. Mama yake akimwachia ubao wa kukandia, yeye alitandaza unga akachora duara, ndani ya duara akachora pembetatu, na mkate ukabaki haujapikwa. Siku moja nilimwambia, "Kleino, watu wana njaa." Akasema, "Subiri kidogo, baba. Hizi pembe mbili ziko sawa, na si kwa sababu wewe umesema." Alikuwa na miaka kumi na miwili. Siku ile nilicheka. Miaka ilivyokwenda niliacha kucheka.

Kukosana, alikosana na mimi.

Hayo si ya kuandika. Nimeyasema kwa kuwa tangu msiba huu wewe ndiye mtu wa kwanza kuuliza. Wengine wote wananipa pole na kuondoka. Andika sufu.

Nikagora

&nbsp;

*Athene, mwezi wa joto kali, siku ya saba*

Telesipo mshairi kwa mwanamke wa Kosi anayeishi kwa mwalimu Polikrito, nje ya lango la kaskazini: salamu.

Bibi, nikikosea unisamehe. Jana kwenye karamu ya rafiki yangu niliombwa kusoma chochote kipya, nami nikasoma mistari ya kaburi ambayo sijaimaliza. Ni ya binti wa Kosi aliyezama akitoka Mileto. Mstari wa tatu unamtaja akichora duara kwenye unga. Babake aliniambia nisiuweke huo unga, lakini nilitaka kuusikia kwa sauti kabla sijaufuta.

Nilipomaliza, jamaa mmoja anayeuza karatasi za mafunjo akaweka kikombe chini akasema, "Huyo maiti mbona ni mteja wangu? Namuuzia karatasi kila mwezi, pale kwa Polikrito. Na anabana bei vibaya sana."

Watu walicheka. Mimi nilimuuliza jina la huyo mteja. Akasema Kleino.

Majina hufanana, na watu wa Kosi ni wengi mjini hapa. Kama siye wewe, choma barua hii. Kama ndiye wewe, nimeagizwa kuandika kaburi lako, na jiwe limekwisha kununuliwa.

Telesipo

&nbsp;

*Athene, siku ya nane ya mwezi huo*

Kleino kwa Telesipo: salamu.

Ndiye mimi. Nilijua baba amenikasirikia. Sikujua kwamba nimekufa. Sira yuko hapa, anakusalimu, na anauliza kama na yeye amekufa au ni mimi peke yangu.

Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu inaonekana wewe unapenda kujua. Kosi kuna tabibu ana vitabu vingi, na mkewe alikuwa akiniazima. Kimoja kilikuwa cha Polikrito, juu ya maduara. Ndani yake niliona kosa, mahali alipochukua kitu kuwa kweli bila kukithibitisha. Nikamwandikia kumwonyesha. Sikutaja kwamba mimi ni mwanamke, wala sikuficha. Jina langu lilikuwa chini ya barua. Baada ya miezi miwili likaja jibu la neno moja: "Njoo." Labda kwako si kitu. Mimi nilikuwa nimeishi miaka ishirini nikiambiwa ondoka hapo, acha hicho, kaa huku. Njoo sikuwahi kuambiwa.

Nilimwonyesha baba. Wiki ileile nikaposwa. Filisko si mtu mbaya. Ana farasi, na anapenda kuwazungumzia.

Mileto nilikaa siku nane kwa shangazi, kisha mimi na Sira tukapanda chombo cha kuja huku. Shangazi nilimwachia barua. Hatukuzama. Tulitapika tu. Hapa nakaa na Polikrito na mkewe. Wanafunzi wangu ni saba, wale wanaoanza.

Nyumbani nimeandika mara tatu. Hakuna jibu. Nilidhani ni mama, kwa sababu mama akikasirika hunyamaza, na anaweza kunyamaza mwaka mzima huku anakupikia. Sasa barua yako inanifanya nifikirie jambo jingine.

Mama anajua kwamba niko hai?

Kleino

&nbsp;

*Athene, siku ya kumi ya mwezi huo*

Telesipo kwa Nikagora: salamu.

Binti yako anaishi mwendo mfupi kutoka kwangu. Jana nilikwenda nikamwona. Ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, na akikuelekeza jambo anakugonga mkononi kwa kidole. Nadhani haya si habari kwako.

Sina haja ya kukuhukumu. Nina swali moja tu, na kazi yangu inalitegemea. Mke wako anajua?

Telesipo

&nbsp;

*Kosi, mwezi wa tini, siku ya pili*

Nikagora kwa Telesipo: salamu.

Hapana.

Nilikaa siku sita nikidhani nitaishia na neno hilo. Lakini wewe umekwisha kumwona, na kovu umeliona. Alilipata kwenye ngazi ya ghala langu.

Ilikuwa hivi. Barua ya dada yangu ilinikuta bandarini. Ilisema Kleino ameondoka na Sira kwenda Athene, kwa hiari yake, na kwamba asitafutwe. Niliisoma mara mbili nikiwa nimesimama katikati ya wapagazi. Nikarudi nyumbani. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno makali. Hediste, mke wangu, alikuwa mlangoni, ameosha uso, amevaa vizuri, maana siku ile ndiyo waliyotarajiwa. Akaniuliza, "Wamefika?" Nikasema chombo kimezama.

Sikupanga. Lilitoka lenyewe. Kusema binti yetu ametuacha bila kuaga, mdomo ulikataa. Nilidhani nitalisahihisha jioni, akili ikitulia. Jioni ilipofika alikuwa amekwisha kukata nywele, na wanawake wa mtaa mzima walikuwa uani wanalia. Babake Filisko alikuja na yeye amenyoa. Utamwambia nini mtu aliyenyoa?

Kila siku iliyopita ililifanya jambo kuwa gumu zaidi. Dada yangu nimemkataza kuandika. Zile barua tatu za Kleino ninazo. Sijazichoma. Nimezificha kwenye mtungi mtupu ghalani, na nimezisoma.

Nimejiambia kwamba mama hupona kwa mtoto aliyefariki, lakini kwa mtoto aliyemkimbia haponi. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba akisikia sasa, atajua kwamba miezi yote hii nimekaa naye mezani nikimtazama anavyolia. Kitakachobaki nyumbani humu baada ya hapo sikijui.

Niandikie mistari yangu. Na uniapie kwamba hutamwambia.

Nikagora

&nbsp;

*Athene, mwezi huo, siku ya ishirini na tano*

Telesipo kwa Nikagora: salamu.

Mistari minne utaipata. Sitaandika kwamba amekufa, kwa kuwa jina langu litakuwa chini yake. Sitaandika pia kwamba yu hai. Kaburi lisilo na mwili lina desturi zake, na desturi hizo zinatosha.

Nitaileta mwenyewe wakati wa kuvuna zabibu. Herufi za marumaru hazifutiki, na wachongaji wengi wa visiwani huandika kama kuku anavyoparura. Nitasimama naye mpaka amalize.

Telesipo

&nbsp;

*Kosi, mwezi wa kuvuna zabibu, siku ya kumi na nne*

Telesipo kwa Kleino: salamu.

Nimetimiza ulichonituma, na nakuandikia kabla chombo hakijaondoka ili upate habari kwa mpangilio wake.

Baba yako alinipokea vizuri. Nyumba yenu inanuka mvinyo mpya na lami. Aliisoma mistari akiwa amesimama ghalani, midomo ikitembea. Hii hapa, kwa kuwa una haki ya kuiona:

*Mpita njia, simama: Kleino hayumo ndani,*
*jina limebaki nyuma, lasomeka hadharani.*
*Aliyependa kupima mbingu, bahari na pwani*
*amekwenda, ewe mama, usimtafute chini.*

Akasema, "Sufu haimo." Nikasema haimo. Akasema, "Kupima umeweka." Nikasema nimeweka. Akaikunja karatasi akampa mchongaji, na hakunikumbusha kile kiapo. Wala mimi sikukitaja. Sikuwahi kukijibu, na alijua sikukijibu. Mpaka sasa sielewi kwa nini aliliacha jambo hilo lipite.

Jiwe lilisimamishwa jana asubuhi. Walikuja watu kama thelathini. Filisko alikuwapo, ni kweli anazungumzia farasi. Mama yako alikuja na wanawake wenzake, na kikapu cha riboni na chupa ya mafuta. Nywele zimeanza kuota, zinafika masikioni. Ni mdogo kuliko nilivyomfikiria. Nilidhani mtu anayenyamaza mwaka mzima lazima awe na mwili mkubwa.

Nilisoma kwa sauti, kama ilivyo desturi. Wanawake wakalia. Wengine wakaanza kurudi, maana jua lilikuwa kali na nyumbani kulikuwa na chakula. Yeye akabaki, akaniita.

"Bwana mshairi," akasema, "nisomee tena. Polepole."

Nikasoma tena.

Akasema, "Mbona hujasema amefariki?"

Watu thelathini walikuwa wamesikia mistari ile, na mmoja wao ni mwalimu wa watoto. Hakuna mwingine aliyeona. Nilikuwa nimeandaa majibu matatu mazuri ya kishairi. Nikamwambia, "Kwa sababu sikumpata mtu aliyeliona hilo."

"Na mume wangu?"

"Muulize yeye, mama."

Akanitazama. Baba yako alikuwa chini barabarani akiaga wageni, ametupa mgongo. Nikatoa barua yako, ile uliyoikunja ndogo, nikaiweka kikapuni chini ya riboni. Nikasema, "Hii utaisoma peke yako. Mwandiko utaujua." Akainua riboni moja, akaona herufi za juu, akairudisha. Alimwaga mafuta juu ya jiwe lote kama ilivyopasa, akafunga riboni, mafundo mazuri yaliyo sawasawa, kisha akashuka akiwafuata wenzake. Kwenye chakula aliuliza kama nimeongezewa samaki.

Kilichotokea baadaye sikijui. Leo hawakuonekana wote wawili. Nimefanya kazi hii miaka thelathini na sita na sijawahi kuona mtu akisoma nilichoandika kwa umakini ule. Nilishindwa kumla yule samaki.

Bahari itafungwa karibuni kwa dhoruba za majira ya baridi. Usitarajie jibu kabla ya masika.

Telesipo

&nbsp;

*Kosi, mwezi wa kufunguka bahari, siku ya kumi na moja*

Hediste kwa binti yake Kleino: salamu.

Naandika mwenyewe. Herufi zangu unazijua, hazijanyooka, usizicheke.

Barua yako niliisoma siku ileile, chooni, kwa kuwa ndipo mahali ambapo hakuna anayenifuata. Kwanza nilifurahi. Kisha nikakasirika, na hasira ilikaa kuliko furaha. Ungeniambia mimi. Nisingekuzuia. Hapana, huo ni uongo, ningekuzuia. Ningelala mlangoni. Lakini ungeniambia.

Kwa baba yako sikusema neno. Nilitaka kuona atabeba mpaka lini. Kila siku ya tisa nilikwenda kwenye jiwe na chupa ya mafuta na maziwa, na barua yako ndani ya nguo, na nikakaa pale nikaisoma. Watu walikuwa wakipita wananionea huruma. "Maskini Hediste," wanasema, "bado." Mwanangu, sijawahi kuwa na mahali pa kukaa peke yangu tangu niolewe, na sasa ninapo, na hakuna anayeniita nikakande unga. Ilifika wakati nikawa nakwenda na mto wa kukalia.

Nilidhani ningeweza kuendelea hivyo. Lakini baba yako alianza kuharibika. Alikuwa anaamka anakwenda ghalani bila kazi. Chakula hali. Nilimsikia akimwambia Filisko kwamba asikawie kuoa, aangalie mwingine, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba msamaha. Filisko ameoa, kwa taarifa yako. Msichana wa watu wa Halasarna. Anapenda farasi.

Basi mwezi uliopita, asubuhi moja, alikuwa anaziba midomo ya mitungi kwa lami, na mimi namshikia chungu. Nikamwambia, "Kleino ana wanafunzi saba."

Akaendelea kuziba. Akamaliza mtungi ule, akaanza mwingine, akaumaliza. Mwisho akasema, "Saba."

Nikasema, "Saba. Wale wanaoanza."

Akaweka kijiko chini. Akaenda nyuma ya ghala, akarudi na barua zako tatu, akaziweka mbele yangu juu ya gogo, akaketi. Nikasema, "Miezi yote hii, Nikagora." Akasema, "Ndiyo." Nikasema, "Nilikata nywele zangu." Akasema, "Nilikuona." Hakujitetea. Kama angejitetea ningejua la kufanya.

Siku tisa hatukuzungumza. Nilimpikia, lakini sikumwandalia, alijipakulia mwenyewe. Siku ya kumi akaja jikoni akasimama, mtu ambaye haji jikoni, akaniuliza kitu kimoja. Akasema, "Anakula nini huko?"

Nikamwambia sijui, hukuandika. Akaondoka.

Sasa nikueleze lililo gumu. Jiwe litabaki. Tumelizungumza na halitoki, kwa sababu watu wa Filisko walinyoa, na mtaa mzima ulilia uani kwetu. Baba yako akisema leo kwamba alidanganya, hakuna atakayenunua kwake hata siki. Kwa hiyo hapa Kosi wewe umekufa, na huwezi kurudi. Nilitaka usikie kwangu usije ukasikia kwa mwingine. Nimelifikiria sana kama hiyo ni adhabu yako au yetu.

Shangazi yako ameniita Mileto nikae naye mwezi mmoja kiangazi. Kutoka Mileto vyombo vya kwenda Athene ni vingi. Wewe ulijua hilo kabla yangu. Nimemwambia baba yako nimealikwa. Hajasema ndiyo. Hajasema hapana.

Mwambie Sira sijakasirika naye. Mwambie nilimlilia na yeye, ingawa hakuna aliyeniambia nimlilie.

Mama yako

&nbsp;

*Athene, mwezi huo, siku ya ishirini na tisa*

Kleino kwa baba yake Nikagora: salamu.

Mama ameandika kwamba umeuliza ninakula nini.

Asubuhi nakula mkate wa shayiri na tini, au zaituni zikiwapo. Mchana dengu. Sira huzitia siki nyingi kuliko nyumbani, anasema maji ya hapa hayana ladha. Siku za soko tunapata samaki wadogo wa kukaanga, wale wa kuliwa na vichwa. Jibini ya hapa ina chumvi. Mke wa Polikrito anafuga kuku, kwa hiyo mayai hayakosekani. Nyama tunakula siku za sikukuu, na sikukuu huku ni nyingi mno, mtu hafanyi kazi. Majira ya baridi nilipata homa, nikanyweshwa uji wa asali siku tano, nikapona. Tangu hapo nimenenepa. Sira amelegeza mshipi wangu mara mbili.

Sijalala njaa hata siku moja.

Umeuliza jambo moja. Ukiwa na la pili, vyombo vya kuja huku sasa vinatoka kila baada ya siku kumi.

Kleino, binti yako